HIYO "SIJAMBO" YAKO INAKULA PENSHENI YAKO

1.
Huu uzi ni wa vijana wetu walio ndani ya jeshi la Marekani. Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Waganda, Warundi, wote mnaovaa sare hiyo na mnaosikia Kiswahili. Ni wa wake na waume zenu pia, na wa kina mama huko nyumbani wanaopigiwa simu kila Jumapili na kuambiwa "niko sawa, mama". Ni mrefu. Kaa chini, chukua chai.

Mimi ni nesi. Diploma nimeisomea nyumbani Kenya, sasa nafanya kazi wodini katika hospitali ya raia huku Marekani. Si mwanajeshi na si wakili. Lakini kusoma faili la mgonjwa ndiyo kazi yangu kila zamu, na nasema bila kumumunya maneno: vijana wetu wanatoka jeshini na miili iliyochakaa na mikono mitupu, kwa sababu mafaili yao yanasema hawakuwahi kuumwa.

2.
Kuna kanuni moja ambayo nesi anafundishwa kabla hata hajashika sindano: kisichoandikwa hakikufanyika. Umempa mgonjwa dawa saa nne usiku na hukuandika? Basi hukumpa. Wazee wetu walishalisema hilo: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwili wako ndiyo mali uliyoingia nayo jeshini. Daftari lake liko wapi?

Jeshi likiona afya yako haikuruhusu tena kufanya kazi yako, kesi yako inapelekwa kwa bodi ya madaktari iitwayo MEB. Hao wanaangalia kama bado unatimiza viwango vya afya vya kubaki jeshini. Kama hutimizi, faili linapanda kwa bodi ya pili, PEB, ambayo ndiyo inaamua unafaa au hufai. Katikati hapo Idara ya Maveterani, ile VA, inakupima na kutoa asilimia za ulemavu.

Sasa sikiza. Uamuzi wa kwanza wa PEB unatolewa kwa kusoma karatasi tu. Hawakuoni. Hawaoni unavyoshuka ngazi kwa upande kama kaa wa pwani. Hakuna kati yao aliyekuwepo siku ulipotua vibaya na parachuti au ulipobeba mzigo wa kilo thelathini juu ya kifundo kilichovimba. Wanaona faili. Faili likisema huumwi, huumwi.

3.
Tuongee pesa, manake hapo ndipo watu huamka.

Namba ya kukariri ni 30. Kama hujafikisha miaka 20 ya utumishi, na magonjwa yaliyokufanya usifae kazi yamepewa chini ya asilimia 30, unaachishwa na malipo ya mkupuo mara moja, basi. Hesabu yake ni mshahara wa msingi wa miezi 2 kwa kila mwaka uliotumikia. Ukifika 30 au zaidi, unastaafu kwa ugonjwa: pensheni ya kila mwezi, na bima ya afya ya TRICARE kwako na kwa familia yako.

Na hiyo hela ya mkupuo si zawadi. VA ikianza kukulipa fidia kwa ugonjwa uleule uliolipiwa mkupuo, kwa kawaida inakata kwanza mpaka hela hiyo irudi yote. Walioumia katika eneo la vita ndio husameheka. Kwa hivyo unaweza kukaa miezi mingi na barua inayosema wewe ni mlemavu huku kwenye akaunti hakuingii kitu.

Kati ya 29 na 30 hapo ndipo maisha ya watoto wako yanapopinda. Na mara nyingi kinachokuvusha ni ile siku ya Jumanne uliyoona uvivu kwenda zahanati.

4.
Sasa tuje kwa ugonjwa wetu wenyewe, sisi watu wa Kiswahili. Ugonjwa unaitwa "sijambo".

Sisi tukiulizwa hali, jibu la kwanza ni zuri. Hujambo? Sijambo. Habari za asubuhi? Nzuri, ila mtoto hakulala, ana homa, na paa limevuja. Kwanza nzuri, halafu "ila". Hayo ni maadili mema, mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Mtu mzima hamtupii mwenzake matatizo mlangoni. Anakaribishwa, anakaa, ndipo "ila" inakuja.

Lakini zahanati ya kambini haina muda wa kungoja "ila" yako. Daktari ana dakika kumi na tano na macho yake yako kwenye kompyuta. Anauliza, vipi leo? Unasema, niko poa. Anauliza, maumivu? Unasema, kidogo tu, namshukuru Mungu. Unajua anaandika nini? Anaandika kwamba mgonjwa ANAKANA maumivu. Ndivyo lugha ya faili inavyosema: anakana. Kama mshtakiwa kizimbani. Wewe ulikuwa na adabu, faili likaandika kanusho.

Miaka mitatu baadaye mpimaji wa VA anasoma "anakana maumivu ya mgongo" mara nne mfululizo, tarehe nne tofauti. Utamwambia nini? Kwamba kwa mila zetu "sijambo" si jibu la swali?

Kuanzia mwaka 2009 hadi uliposimamishwa 2016, kulikuwa na mpango wa MAVNI ulioruhusu wageni wenye lugha fulani kuingia jeshini, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Yaani kuna wenzetu ambao jeshi liliwataka kwa ajili ya ulimi wao. Halafu mbele ya daktari ulimi huohuo unafungwa kamba!

5.
Nikishasema hivi kuna watu watanijia juu. Nawajua. Ni wale wa "jikaze".

Wewe mzee uliyetoka jeshini zamani, unayeandika kwenye kikundi cha WhatsApp ati "sisi tulikimbia na mguu umevimba na hatukulia", hebu nikuulize kwa heshima. Leo unainuka vipi kwenye kiti? Nani analipia sindano za goti lako? Unalala saa ngapi, na unaamka mara ngapi kwa jasho? Kama jibu ni kwamba unateseka, basi unawarithisha vijana mateso na kuyaita ushujaa.

Na wewe sajini unayewacheka wanaojipanga asubuhi kwenda kwa daktari: siku bodi inasoma faili la huyo kijana, wewe utakuwa ushahamishiwa kambi nyingine, pengine nchi nyingine. Kejeli zako hazitakuwa kwenye faili. Tatizo ni kwamba hata goti lake halitakuwepo.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Msemo huu ni wetu, hatukuazima kwa Wazungu. Ni lini tuliubadilisha ukawa "mficha maradhi, ni mwanamume"? Na akina dada pia, msidhani mmesalimika. Ninyi mnajikaza mara mbili, kwa vile hamtaki kuambiwa mwanamke ni dhaifu.

6.
Nina binamu yangu. Sitasema kambi, sitasema kitengo. Miaka 6 jeshini, kijana mwenye mbio. Kesi yake ilipoanza alinitumia nakala ya faili lake akaniambia, "Dada, wewe unajua haya mambo, nisomee."

Nikalisoma usiku mmoja baada ya zamu. Chanjo, kurasa na kurasa. Meno, kurasa na kurasa. Goti la kulia, ziara kadhaa na picha moja. Mgongo, huo mgongo ambao familia nzima tunaujua, ule uliomfanya alale sakafuni Krismasi alipotutembelea? Umetajwa mara moja tu: "anakana".

Nikampigia. Nikamuuliza, mgongo ulianza lini? Akasema mwaka wa pili, alipoanguka kutoka kwenye lori. Ulienda kwa daktari? Hapana, sajini alinipa vidonge na akasema tusimcheleweshe. Baadaye je? Nilikuwa nanunua vidonge dukani.

Goti likapewa asilimia 20. Mgongo haukuhesabiwa kati ya mambo yaliyomfanya asifae kazi, kwa vile hakukuwa na karatasi ya kuubeba. Kwa jinsi wanavyojumlisha, 20 na 20 zinaleta 36, ambayo inasogezwa kuwa 40. Mgongo ungepewa kiasi kilekile cha goti, angekuwa mstaafu. Alipewa mshahara wa msingi wa miezi 12 na mkono wa kwaheri. Ana mke na watoto wawili, na anafanya kazi ghalani akiinua maboksi kwa mgongo huohuo ambao serikali haiujui.

Uongo hakusema, wala uvivu hana. Alisema sijambo.

7.
Basi twende kwa daktari pamoja. Namna ya kusema ni hii.

Usiseme "goti linauma." Hiyo haisaidii, hata mimi nikiandikiwa hivyo kwenye ripoti ya kubadilishana zamu narudi kuuliza. Sema: goti gani, la kulia au la kushoto. Lilianza lini na ulikuwa unafanya nini. Linauma vipi, kuchoma, kukwama, kulegea. Siku mbaya kabisa linakuwaje na siku hizo zinakuja mara ngapi kwa mwezi. Nini huwezi kufanya sasa ambacho ulikuwa unafanya: kupiga magoti, kukimbia, kubeba mtoto. Unatumia dawa gani, na ulipozitumia zilisaidia au la.

Mfano: "Goti la kulia tangu tulipotembea na mizigo mwezi wa tatu. Linakwama nikishuka ngazi. Mara mbili wiki hii limelegea nikaanguka. Siwezi kuchuchumaa. Usiku naamka kwa maumivu." Sekunde ishirini. Hakuna kulia, hakuna kutia chumvi. Ni ushahidi.

Na usiishie goti. Masikio yanavuma tangu mazoezi ya kulenga shabaha? Sema. Unakoroma mpaka mkeo anahama chumba? Sema. Mikono inaingia ganzi? Sema. Unashtuka usingizini, unakaa ukiangalia mlango kwenye mgahawa, umemfokea mtoto bila sababu? Sema hilo kwanza kabla ya goti. Nawaheshimu wachungaji na masheikh, waendeeni. Lakini maombi hayaingii kwenye faili la hospitali. Nenda kote kuwili.

Siku ya kupimwa na VA, mpimaji atakukunja kiungo na kupima nyuzi zake. Usijikaze kumfurahisha. Pale inapoanza kuuma, sema "hapa ndipo inapoanza." Na kama siku hiyo ni nzuri, mwambie siku mbaya zinakuwaje.

8.
Walio kwenye Guard na Reserve, hii ni yenu, na mko wengi.

Umeumia wikendi ya mazoezi. Jumatatu una kazi yako ya uraia, kwa hivyo unaenda hospitali ya raia na bima yako, unafungwa bendeji, mambo yameisha. Hayajaisha. Bila karatasi ya kuthibitisha kwamba uliumia ukiwa kazini, ambayo kwa Jeshi la Nchi Kavu huanzia fomu ya DA 2173, ni kama uliangukia bafuni kwako. Hiyo fomu idai mapema, kabla mashahidi hawajatawanyika. Kiongozi wako akisema "tutaifanya baadaye", mwandikie barua pepe kumkumbusha. Barua pepe ina tarehe. Maneno ya mdomo hayana.

Na kila ulipotibiwa nje, omba nakala ya rekodi na uipeleke kwa daktari wa jeshi aiingize. Hospitali hizi haziongei zenyewe kwa zenyewe vile mnavyodhani. Nawaambia kama mtu wa ndani.

9.
Nakala. Nakala. Nakala.

Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza ghala la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis. Mafaili kama milioni 16 hadi 18 yaliteketea. Kwa waliotoka Jeshi la Nchi Kavu kati ya 1912 na 1960, takriban asilimia 80 ya kumbukumbu zilipotea, na hakukuwa na nakala nyingine. Kuna wazee waliokufa wakijaribu kuthibitisha majeraha ambayo serikali yenyewe iliyaandika kisha ikayapoteza.

Utasema, siku hizi ni kompyuta, kuna MHS GENESIS. Sawa. Basi ingia humo, soma, pakua. Kompyuta haiungui lakini inanakili makosa. Daktari mmoja akiandika goti la kushoto badala ya kulia, wa pili ananakili, wa tatu ananakili, na mwishowe una goti bovu ambalo hulijui. Ukiona kosa, omba kwa maandishi lirekebishwe. Ni haki yako.

Weka jalada lako nyumbani: rekodi zote za zahanati, picha pamoja na ripoti zake, karatasi za kupunguziwa kazi, rekodi za raia. Ongeza maandishi ya mwenzako aliyekuona ukianguka. VA ina fomu ya mashahidi, 21-10210. Mkeo au mumeo naye aandike, yeye ndiye anayekuona usiku. Na nunua daftari la dola moja: tarehe, kilichouma, kilichokushinda. Daftari si mbadala wa daktari, ila litakufanya umwambie daktari ukweli badala ya "tangu zamani kidogo".

10.
Maswali mnayoniuliza faraghani, nayajibu hapa.

"Huku si kutafuta pesa za bure?" Mwongo hapendi maandishi ya tarehe kwa tarehe, manake yanamfunga. Faili la kweli linamlinda mkweli na linamnasa mwongo. Ukidanganya kwenye fomu ya serikali ni jinai, na mimi sikufunzi hivyo. Nasema ukweli wako uandikwe siku unapotokea, usije ukatafutwa miaka kumi baadaye.

"Wataninyima uraia?" Uraia uliopatikana kwa utumishi unaweza kuwa hatarini ukifukuzwa kwa utovu wa heshima kabla ya miaka 5 ya utumishi mwema. Kuachishwa kwa ugonjwa, kwa kawaida, ni kutoka kwa heshima. Usichanganye mambo haya mawili, na usimruhusu mtu akutishe nayo.

"Itaharibu kazi yangu?" Sitakudanganya. Inaweza. Unaweza kukosa kozi, unaweza kupunguziwa kazi. Lakini goti halijui cheo chako. Litakutoa tu. Swali ni utatoka na karatasi au bila.

11.
Na hawa wanaojiita wataalamu wa kuwapandishia asilimia, wanaotaka sehemu ya malipo yenu? Kaeni mbali. Sheria hairuhusu mtu kukutoza kwa kuandaa dai lako la kwanza la VA. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion vina watu walioidhinishwa wanaokusaidia bure. Na mbele ya bodi za jeshi una haki ya wakili wa jeshi bila malipo. Mtumie mapema, kabla hujasaini kitu. Ripoti ya MEB ukiisoma ukaona imeacha ugonjwa, una haki ya kuomba daktari asiyefungamana na kesi aiangalie, na kuijibu. Lakini siku za kufanya hivyo ni chache mno, zinahesabika kwa vidole.

Anayetoka kwa kumaliza mkataba, bila bodi: dai la VA linaweza kuanza siku 180 hadi 90 kabla ya kutoka. Ukichelewa, jitahidi uwe umewasilisha ndani ya mwaka 1 baada ya kutoka, ili malipo yahesabiwe tangu siku inayofuata kutoka kwako.

12.
Mwenye ndugu jeshini, mtumie huu uzi. Usimuulize "hujambo". Unajua atasema nini. Muulize: mara ya mwisho ulienda kwa daktari lini, na aliandika nini?

Akikwambia hajui aliandika nini, mwambie akaombe nakala wiki hii. Kisha asome ukurasa kwa ukurasa, na kila penye neno "anakana" ajiulize kama kweli alikana, au alikuwa anasalimia tu.

Jumamosi nitaandika kuhusu rekodi za magonjwa ya akili, manake maswali yamekuwa mengi. Zamu yangu inaanza saa moja, wacha niende.